Samsung Galaxy S25 Edge: wepesi wa mkononi na gharama yake kwenye chaji

Katika simu zenye kioo kikubwa zilizoingia madukani mwaka 2025, Samsung Galaxy S25 Edge ni miongoni mwa zilizonipendeza zaidi mkononi, na pia ni simu ambayo nisingemshauri mtu anayefanya kazi kwa simu tangu alfajiri hadi usiku ainunue. Hukumu hizo mbili hazipingani, kwa kuwa zote zinatokana na uamuzi mmoja wa wahandisi wake: kuipunguza simu hadi unene wa milimita 5.8 na uzito wa gramu 163, huku kioo kikibaki na inchi 6.7. Samsung waliitambulisha Mei 13, 2025 kwa bei ya dola 1,099 nchini Marekani, bei ambayo kwa shilingi ya Tanzania inapita milioni mbili na nusu hata kabla ya kuhesabu kodi na faida ya muuzaji. Anayetoa kiasi hicho ana haki ya kujua kila kilichopunguzwa ili simu iwe nyembamba, na kujiuliza kama kilichopunguzwa ni kitu anachokitegemea.

Nianze na sifa zake, kwa sababu ni za kweli na picha za matangazo hazizitendei haki. Ukiitazama mezani, Edge haitofautiani sana na simu nyingine za familia ya S25. Tofauti huijua pale unapoinyanyua. Kidole kidogo, ambacho kwa wengi wetu ndicho kinachobeba simu kwa chini, hakilemewi, na mkono hauchoki haraka unaposoma ujumbe mrefu ukiwa umelala chali. Anayetoka kwenye Galaxy S25 Ultra yenye gramu 218 anapunguziwa gramu 55, na tofauti hiyo huhisiwa na kifundo cha mkono tangu dakika ya kwanza. Ndani ya mfuko wa shati haivuti kitambaa kuelekea chini, na ukikaa kwenye daladala ikiwa kwenye mfuko wa mbele wa suruali haikuchomi paja.

Wepesi huo pia haukupatikana kwa kutumia malighafi dhaifu. Fremu ni ya titani, kioo cha mbele ni Gorilla Glass Ceramic 2, na simu ina kiwango cha IP68 cha kuhimili vumbi na maji, sawa na ndugu zake wanene. Prosesa ni Snapdragon 8 Elite, ileile iliyomo kwenye Ultra. Wanaokumbuka malalamiko ya mwaka 2014 kuhusu simu za iPhone 6 Plus kupinda mifukoni watakuwa na wasiwasi wa kawaida kuhusu simu yenye unene wa milimita 5.8, lakini ukiishika Edge kwa mikono miwili na kuikaza kidogo, unahisi kitu kigumu ambacho hakitoi mlio wala hakilegei kwenye viungo.

Kuna mambo mawili, hata hivyo, ambayo tarakimu ya 5.8 haiyasemi. La kwanza ni uvimbe wa kamera. Kipimo cha unene kinachotangazwa huchukuliwa mahali ambapo simu ni bapa. Kwenye kamera unene wake unaelekea maradufu, hivyo ukiilaza mezani na kuandika kwa kidole kimoja, simu inayumba kona hadi kona. La pili ni kava. Tembea kwenye maduka ya simu ya mtaa wa Aggrey, Kariakoo, uone ni wateja wangapi wanaotoka na simu mpya bila kava na protekta. Muuzaji mwenyewe huvitoa kabla hujaviomba, na kwa simu ya mamilioni mteja haoni sababu ya kukataa. Kava la kawaida la plastiki huongeza milimita kadhaa kwenye unene, na kava lile gumu la kukinga simu isivunjike linapoteza kabisa kile ulichokinunua. Uzito unabaki kuwa faida hata ndani ya kava, maana gramu zilizopunguzwa zimepunguzwa, lakini wembamba wenyewe ni sifa ambayo wanunuzi wengi wa kwetu wataifurahia dukani na kuifunika kabla hawajafika nyumbani.

Sasa chaji. Betri ya S25 Edge ina mAh 3,900 (mAh ni kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri inahifadhi). S25+, ambayo ina kioo cha ukubwa uleule wa inchi 6.7 na prosesa ileile, ina mAh 4,900. Hata S25 ndogo yenye kioo cha inchi 6.2 ina mAh 4,000, yaani simu ndogo kuliko zote katika familia imeipita Edge kwa akiba ya umeme, wakati ina kioo kidogo cha kuwasha. Samsung wenyewe hawalifichi jambo hili: kwa vipimo vyao, Edge hucheza video kwa saa 24, S25 kwa saa 29, na S25+ kwa saa 30. Saa 6 zinazopungua kati ya simu mbili zenye kioo sawa ni sawa na sehemu moja ya tano ya saa zote za S25+.

Tena kipimo cha kucheza video ni kipimo cha upole. Simu inacheza video kwa mwanga wa wastani, prosesa inatumia sehemu yake ndogo maalumu ya kusoma video, na hakuna anayepiga simu wala anayezunguka mjini. Mlinganishe na mfanyabiashara wa nguo wa Kariakoo. Asubuhi anapiga picha mzigo mpya na kuutuma kwenye magrupu ya WhatsApp; anapokea simu za wateja wa mikoani; anathibitisha malipo ya M-Pesa na Mixx by Yas; anaita bodaboda kwa programu inayotumia ramani; anamwashia binti yake mtandao wa simu ili atumie kompyuta; na kati ya yote hayo kioo kinawaka juani, mahali ambapo simu hujipandishia mwanga yenyewe ili mtu aone. Kioo cha Edge kinaweza kufikia mwangaza wa niti 2,600, na hilo ni jambo zuri sana kwa anayesimama kwenye jua la saa sita mchana, lakini mwanga huo unatoka kwenye betri ileile ya mAh 3,900.

Kuna mlaji mwingine wa chaji ambaye hatajwi sana, naye ni mtandao wenyewe. Simu ikiwa mbali na mnara huongeza nguvu ya kutuma mawimbi ili isikike, na ikipoteza mtandao hutafuta tena na tena. Wengi wetu tuna laini mbili ndani ya simu moja, ya kazi na ya bando, na simu inalazimika kuzisikiliza zote mbili. Abiria wa basi anayekwenda Mwanza akiwa na laini mbili zinazopotea na kurudi katikati ya pori anaiona chaji ikishuka hata kama simu imo mfukoni. Hali hiyo ni ya simu zote, nyembamba na nene. Tofauti ni kwamba simu yenye mAh 4,900 ina mahali pa kupunguzia.

Ukizimikiwa na simu hapa kwetu, unakosa zaidi ya mazungumzo. Pesa yako imo humo, na pia namba za kununulia umeme wa LUKU na tiketi ya basi iliyotumwa kwa ujumbe. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuingiza umeme kwenye gridi mapema mwaka 2024, mgao umepungua sana na kila mtu amelishukuru hilo, lakini umeme wa mtaani bado hukatika kwa hitilafu za hapa na pale, na anayeanza jioni akiwa na asilimia 15 hana uhakika wa kupata soketi. Ndiyo maana swali la kwanza la mteja wa kawaida wa simu kwenye maduka yetu ni kama simu inakaa na chaji, na unene huja nyuma sana katika maswali yake.

Jibu linalotolewa mara nyingi kwa hoja hii ni powabenki. Nalichukulia jibu hilo kwa uzito, kwa kuwa powabenki zimetuokoa wengi, lakini hesabu yake haiisaidii simu nyembamba. Powabenki ya kawaida ya mAh 10,000 ina uzito wa karibu gramu 200. Anayenunua Edge ili abebe gramu 163, kisha akalazimika kutembea na powabenki na waya wake, anabeba mzigo mzito kuliko mwenye Ultra ya gramu 218 ambaye ameacha powabenki nyumbani. Na anapoichomeka simu mfukoni ikiwa kwenye waya, ule wepesi alioulipia umegeuka kuwa vitu viwili vilivyofungwa pamoja.

Kuchaji nako kumebanwa. Edge inapokea wati 25 kwa waya, wakati S25+ inapokea wati 45. Samsung wanasema Edge hufikia asilimia 55 kwa muda wa kama nusu saa, na kwa betri ndogo hiyo si kasi mbaya. Ila mtu anayenunua simu yenye betri ndogo ndiye hasa anayehitaji kuijaza haraka anapopata dakika chache za umeme kwa wakala au ofisini kwa mtu, na simu hii imempa betri ndogo pamoja na chaja ya polepole.

Kwa nini wembamba unakula betri kwa kiasi hiki? Ndani ya simu, betri ndicho kitu kinachochukua nafasi kubwa zaidi, na umbo lake ni mfuko bapa wenye tabaka nyingi za karatasi za metali zilizopangwa au kukunjwa. Ganda la mfuko huo lina unene wake usiopungua, na ni lazima pia iachwe nafasi ya betri kuvimba kidogo kadiri inavyozeeka. Ukiipunguza simu kwa milimita moja na nusu, ganda na nafasi hiyo havipungui, kioo hakipungui, na mgongo wa simu haupungui. Karibu upungufu wote unaangukia kwenye tabaka zinazohifadhi umeme. Nafasi ya kuvimba haichezewi. Samsung waliieleza dunia Januari 2017, baada ya Galaxy Note 7 kuwaka moto na kuondolewa sokoni, kwamba katika aina moja ya betri za simu ile ganda lilikuwa dogo mno kwa vilivyomo ndani, na kona ya karatasi moja ikapinda. Tangu hapo kampuni hiyo imekuwa na tahadhari, na nadhani tahadhari hiyo inaonekana hata kwenye Edge: wamekubali betri ndogo kuliko kuibana kubwa.

Apple walifuata Septemba 2025 kwa iPhone Air, ambayo ni nyembamba zaidi, milimita 5.6, yenye gramu 165 na kioo cha inchi 6.5, kwa dola 999. Hawa waliukata mti kwa upande mwingine. Sehemu kubwa ya vifaa vya ndani wameisogeza kwenye uvimbe wa kamera ulioko juu, ili chini yote ibaki kwa betri, na kwa vipimo vyao simu hiyo inacheza video kwa saa 27, wakati iPhone 17 ya kawaida, yenye bei ya dola 799, inacheza kwa saa 30. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Lakini orodha ya vilivyoachwa ni ndefu kuliko ya Samsung: nyuma kuna kamera moja tu, spika ni moja iliyo juu penye sikio, na bamba la kupoza joto walilowawekea iPhone 17 Pro halimo. Siku hiyohiyo Apple walitangaza betri ya kubandika mgongoni kwa dola 99 inayotumika na Air peke yake, na waliofungua vifaa hivyo viwili katika kampuni ya matengenezo ya iFixit walikuta betri iliyo ndani ya kifaa hicho ni ileile iliyomo ndani ya simu. Mnunuzi anauziwa simu iliyopunguzwa, kisha anauziwa kando kilichopunguzwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kikwazo kikubwa cha iPhone Air ni tundu la laini, ambalo halipo kabisa katika toleo la nchi yoyote. Laini yake ni eSIM tu, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe bila kadi ya kuchomoa. Baadhi ya mitandao ya kwetu inatoa eSIM na anayeishi mjini anaweza kuipata, ila fikiria siku simu inapoharibika. Mwenye laini ya kadi anaichomoa, anaichomeka kwenye kitochi cha jirani, na ndani ya dakika mbili anapokea simu na kutuma pesa. Mwenye eSIM simu yake ikizima kabisa anahitaji kwenda duka la mtandao na kitambulisho chake cha NIDA, akaweke alama za vidole na kusubiri ahamishiwe. S25 Edge imebaki na tundu la laini za kadi, na kwa jambo hilo pekee naiweka mbele ya Air kwa mtu yeyote anayeishi nje ya miji mikubwa.

Kama hadithi ingeishia kwa kampuni hizi mbili, ningesema wembamba na chaji haviwezi kukaa nyumba moja. Lakini mwaka huohuo wa 2025 Infinix walitoa Hot 60 Pro+ yenye unene wa milimita 5.95 na betri ya mAh 5,160, na Tecno wakatoa Pova Slim 5G yenye unene huohuo, betri ya kiasi hichohicho na gramu 156. Kampuni hizo mbili ni za kundi moja, Transsion la Shenzhen, ambalo limejengwa kwa kuuza simu Afrika na linajua kwamba mteja wetu hatakusamehe kwenye chaji. Pova Slim iliuzwa India kwa rupia 19,999, ambayo ni takribani moja ya tano ya bei ya Edge. Simu nyembamba sawa, nyepesi zaidi, yenye akiba ya umeme iliyozidi ya Edge kwa karibu theluthi, kwa moja ya tano ya bei: hapo ndipo kila mnunuzi wa Edge anastahili kusimama na kuuliza.

Sehemu kubwa ya siri iko kwenye kemia ya betri. Katika betri za kawaida za lithiamu, upande hasi hutengenezwa kwa grafiti. Betri mpya zinachanganya silikoni na kaboni, kwa kuwa silikoni ina uwezo wa kubeba lithiamu nyingi kupita grafiti kwa uzito uleule, mara kumi hivi katika hali ya kinadharia. Ubaya wake ni kwamba silikoni huvimba sana inapojaa na kusinyaa inapoisha, na ikiachwa peke yake hupasuka. Kaboni ndiyo inayoishikilia. Honor waliiingiza sokoni China mwaka 2023, na kampuni nyingine za China zikafuata, lakini hadi simu zinazozungumziwa hapa Samsung na Apple walikuwa bado hawajaitumia. Sielewi kwa nini kampuni iliyoamua kutengeneza simu ambayo adui yake wa kwanza ni unene wa betri haikuianzishia kemia hiyo hapo hapo. Tahadhari baada ya Note 7 naiheshimu, lakini mteja anayelipa dola 1,099 analipia teknolojia ya mbele, na katika jambo hili anapewa ya nyuma kuliko mnunuzi wa Infinix.

Isionekane nawapa Infinix na Tecno ushindi wa bure. Nao wamepunguza, ila wamepunguza mahali pengine. Hot 60 Pro+ ni simu ya 4G yenye prosesa ya Helio G200, na Pova Slim ina Dimensity 6400. Zote mbili zinatosha kwa WhatsApp, TikTok, benki na ramani, lakini ziko mbali sana na Snapdragon 8 Elite kwenye michezo mizito na uhariri wa video, na prosesa dogo lisilotoa joto jingi ndilo lililorahisisha kuzifanya nyembamba. Nyuma kuna kamera moja ya kutegemewa, kamera pana haimo, na ulinzi dhidi ya maji haufikii IP68. Picha za usiku za Edge hazina mshindani hapo. Kwa hiyo unene haujapunguzwa bure katika simu yoyote kati ya hizi. Tofauti ni nani ameamua akukate wapi, na Transsion wameacha kuigusa chaji.

Katikati ya pande hizi kuna Motorola Edge 70, iliyotoka Novemba 2025 ikiwa na milimita 5.99, gramu 159 na betri ya silikoni na kaboni ya mAh 4,800, kwa kama pauni 700 Uingereza. Simu hiyo ni nadra kuiona madukani kwetu, lakini inaonyesha kwamba Edge ya Samsung ingeweza kuwa na betri ya ukubwa wa S25+ bila kuongeza unene wa maana.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni uzee. Sheria za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Juni 20, 2025 zinataka betri ya simu ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800 ya kujaa na kuisha. Tuchukue kipimo hicho kuwa ndicho cha chini. S25+ ikifika hapo inabaki na mAh 3,920, yaani betri ya S25+ iliyochoka bado inaizidi betri ya Edge iliyotoka kwenye boksi leo. Edge ikifika hapo inabaki na mAh 3,120. Tena haitafika kwa wakati mmoja na mwenzake, kwa sababu betri ndogo huzunguka upesi zaidi: mwenye kumaliza mzunguko mmoja kwa siku anafikisha 800 baada ya miaka miwili na ushee, na mwenye kumaliza mmoja na nusu anafika hapo kabla ya mwaka mmoja na nusu kutimia. Joto huharakisha mambo, na pwani yetu ina joto la kutosha kwa miezi mingi ya mwaka, huku simu nyembamba ikiwa na mwili mdogo wa kusambazia moto wa prosesa. Samsung wamelitanua bamba la kupoza ndani ya Edge ili kufidia, nao wamefanya vyema, lakini simu inayoachwa kwenye dashibodi ya gari Dar es Salaam au Mombasa haiokolewi na bamba. Kwa kuwa wengi wetu tunanunua simu ya bei hii ili ikae miaka minne au mitano, na kisha tumpe mdogo wetu, betri ya mwaka wa tatu ina uzito kuliko ya wiki ya kwanza.

Kuhusu kamera sina mengi. Ile kuu ya megapikseli 200 ni bora, kamera pana ya megapikseli 12 ni nzuri, na kinachokosekana ni kamera ya kuvuta mbali iliyomo hata kwenye S25 ndogo. Kwa picha za chakula, watoto na bidhaa hutaikumbuka. Kwa anayekaa viti vya nyuma harusini na kutaka uso wa bibi harusi, utaikumbuka kila Jumamosi.

Ni nani basi anayefaa kuinunua? Yule anayefanya kazi mezani penye soketi, anayesafiri kwa gari lenye chaja, anayesoma sana kwenye simu na ambaye mikono au viganja vyake vinamuuma kwa simu nzito. Kwa huyo wa mwisho sisemi kwa kubeza hata kidogo: uzito wa simu ni jambo la afya kwa wenye maumivu ya viungo, na miaka mingi watengenezaji wamewasahau kwa kufuata vioo vikubwa na kamera nzito. Lakini hata kwake ningemwonyesha kwanza Galaxy S25 ya kawaida, yenye gramu 162, betri kubwa kidogo, kamera tatu na bei ya uzinduzi ya dola 799. Anayetaka wepesi peke yake ameshaupata pale, na anaokoa dola 300. Edge inamfaa tu ikiwa hawezi kuishi bila kioo cha inchi 6.7.

Anayefanya biashara kwa simu achukue S25+, ambayo ilizinduliwa kwa dola 999, nafuu kwa dola 100 kuliko Edge, na inamwongezea mAh 1,000, kamera ya kuvuta mbali na chaji ya wati 45, kwa gharama ya gramu 27 na milimita 1.5. Mwenye bajeti ndogo anayependa simu nyembamba aitazame Hot 60 Pro+ bila aibu yoyote. Na yeyote kati yao, kabla hajatoa pesa, aombe simu ivalishwe kava atakalolitumia ndipo aishike, akague kama ina tundu la laini, na amuulize muuzaji bei ya kubadilisha betri halisi kwa fundi aliyeidhinishwa, kwa maana simu ya mAh 3,900 itamrudisha kwa fundi huyo mapema kuliko nyingine.